Mbwa wa Kangal: ijue kazi iliyomtengeneza kabla hujamleta kwa familia yako

Siku hizi maswali kuhusu mbwa wakubwa yamekuwa mengi. Mfugaji anataka mbwa wa kulala zizini kwa sababu ya fisi. Mwenye duka anataka mbwa wa kulinda ghala la mahindi. Mwingine anataka vyote kwa pamoja: mchana mbwa acheze na watoto, usiku awazuie wezi. Jina linalotajwa sana, kwa sababu ya video zinazozunguka kwenye simu, ni Kangal, yule mbwa mkubwa wa Kituruki mwenye uso mweusi. Na swali la kwanza huwa ni hili: "Je, ni mkali au ni mpole?"

Jibu fupi ni kwamba ni vyote viwili, na mara nyingi anayeamua lini awe mkali na lini awe mpole ni yeye mwenyewe. Hilo ndilo linalomfanya awe mlinzi mzuri wa mifugo. Hilohilo ndilo linaloweza kukupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kujibu kesi ya mtoto wa jirani aliyeng'atwa.

Tabia hiyo haikuja kwa bahati. Imetengenezwa na kazi, kwa vizazi vingi, katika nchi yenye mazingira yake. Kwa hiyo leo tuipitie historia ya mbwa huyu, tuone alikotoka, nani alimchukua na kumpeleka wapi, na kila mmoja alijifunza nini. Mwishoni utaweza kuamua mwenyewe kama anakufaa, au kama fedha hiyo ni bora uinunulie mbuzi.

Alikotoka

Kangal ni jina la wilaya katika mkoa wa Sivas, katikati ya Uturuki. Eneo hilo liko kwenye nyanda za juu za Anatolia. Kiangazi ni cha joto na vumbi, na majira ya baridi theluji hulala ardhini kwa muda mrefu. Wenyeji hufuga kondoo wa mkia mnene, wa namna ambayo mfugaji wa kwetu akimwona hatashangaa sana, kwa sababu hata kondoo wetu wekundu wa Kimasai wana mikia ya mafuta.

Adui wa kondoo huko ni mbwa mwitu wa nchi za baridi. Usimchanganye na mbwa mwitu wetu mwenye madoa. Yule wa huko ni mkubwa zaidi, ana manyoya mazito ya kijivu, na hushuka karibu na vijiji njaa inapombana. Dubu nao wapo, na wezi wa mifugo hawakosekani.

Mbwa aliyetokana na mazingira hayo ni mkubwa kweli. Dume hufikia urefu wa sentimita 72 hadi 78 begani, na uzito wake huanzia kilo 50 hivi kupanda. Rangi yake ni ya mchanga, uso na masikio ni meusi. Ndiyo maana Waturuki humwita pia Karabash, maana yake "kichwa cheusi". Katika nchi nyingine utamsikia akiitwa Mbwa Mchungaji wa Anatolia. Wataalamu wa mbwa wamebishana kwa miaka mingi kama hao ni aina moja au mbili. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, liliamua mwaka 2018 kutumia jina la Kangal.

Si mbwa wa kuswaga

Jina hilo la "mchungaji" limewapotosha wengi. Kuna mbwa wa kuswaga na kuna mbwa wa kulinda, na hawa wawili ni tofauti kabisa.

Mbwa wa kuswaga, kama kole wa Scotland, hukimbiza kondoo, huwakusanya na kuwapeleka bwana anakotaka. Anafanya kazi kwa amri. Bwana akipiga mluzi anasimama, akipiga mwingine anageuka kushoto. Mbwa wa namna hii anapenda kuamriwa, na ndiyo maana ni rahisi kumfundisha.

Mbwa wa kulinda hafukuzi kondoo hata kidogo. Anatembea nao, analala katikati yao, anawanusa, na muda mwingi anaonekana kama mvivu asiye na kazi. Usiku wa baridi, mchungaji akiwa amelala, hakuna wa kumpigia mluzi. Mbwa mwitu akija, mbwa huyu anatakiwa aone mwenyewe, apime mwenyewe na aamue mwenyewe. Mbwa anayesubiri amri kwenye giza hilo asingefaa kitu.

Kwa hiyo ukimwona Kangal anakutazama tu unapomwita, usidhani hana akili. Amekusikia. Amezaliwa katika ukoo wa mbwa waliolipwa kwa kufikiri, si kwa kutii.

Wachungaji walivyomchagua

Wachungaji wa Anatolia hawakuwa na vitabu vya ukoo. Walikuwa na kipimo kimoja, nacho ni kazi. Mbwa aliyemla mwanakondoo hakuachwa azae. Mbwa aliyekimbia mbwa mwitu alipokuja hakuwa na thamani. Mbwa aliyemng'ata mtoto wa mchungaji hakuvumiliwa. Waliobaki kuendeleza ukoo ni wale waliokuwa wapole kwa wa ndani na wagumu kwa wa nje.

Chakula chao kilikuwa cha kawaida: unga wa shayiri uliokorogwa na maji, ambao Waturuki huuita yal, pamoja na mabaki. Shingoni walivishwa mkanda wa chuma wenye miiba mirefu, ili mbwa mwitu akitaka kumkaba koo ajichome mdomo.

Namna yao ya kulinda inafaa uielewe vizuri, kwa sababu ndiyo utakayoiona nyumbani kwako. Kwanza mbwa anasimama na kutazama. Pili anabweka kwa sauti nzito, kumwambia adui kwamba ameonekana. Tatu anajiweka kati ya adui na kondoo. Kushambulia ni hatua ya mwisho, adui akikataa kuondoka. Mnyama mwindaji mara nyingi hataki kujeruhiwa, kwa hiyo akikuta mlango umefungwa namna hiyo huenda kutafuta kwingine. Kazi nyingi ya mbwa mlinzi huishia kwenye kubweka na kusimama.

Jambo jingine ambalo wasomaji wetu Waislamu wataliona la karibu: Uturuki ni nchi yenye Waislamu wengi, na mbwa huyu kwa desturi hakulala ndani na watu. Alikaa nje na mifugo. Mafundisho ya Kiislamu yanaruhusu kufuga mbwa kwa ajili ya mifugo, shamba na uwindaji, na Kangal amekuwa mbwa wa kazi hiyo hasa. Aliheshimiwa, alilishwa, watoto wa wachungaji walimzoea, lakini kila mmoja alijua mahali pake.

Alipotoka kwenda kwa familia za mbali

Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia mmoja wa Uingereza, Charmian Hussey, aliyekuwa akifanya kazi Uturuki, aliwapenda mbwa hawa na kuwapeleka kwao. Karibu wakati huohuo ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Robert Ballard, aliyekuwa ametumwa Uturuki, alirudi na mbwa wake hadi California. Mwaka 1970 wakazaa watoto, na chama cha wapenzi wa mbwa hao kikaanzishwa mwaka huo.

Hapo ndipo habari inapogeuka. Kwa mara ya kwanza mbwa huyu alianza kununuliwa na watu wasio na hata kondoo mmoja. Walimpendea ukubwa, utulivu na sura. Akawa mbwa wa familia katika nyumba zenye bustani ndogo, barabara mbele, na majirani kila upande.

Fikiria mambo kwa macho ya mbwa. Amezaliwa na hamu ya kulinda kundi. Kundi hakuna, kwa hiyo kundi linakuwa ni baba, mama, watoto na paka. Amezaliwa na hamu ya kukagua eneo kubwa. Eneo ni hatua thelathini, kwa hiyo anaruka uzio akakague mtaa. Amezaliwa kukesha. Usiku kila gari linalopita analibwekea. Amezaliwa kumtilia shaka mgeni. Mgeni ni mpeleka barua, ni fundi bomba, ni rafiki wa mtoto aliyekuja kucheza.

Waliojua kumlea walipata mbwa mtulivu, mvumilivu kwa watoto wa nyumbani, asiyehangaika ovyo. Wasiojua walipata mnyama wa kilo 50 asiyeshikika kwa kamba, anayefanya kazi yake vizuri sana mahali ambapo kazi hiyo haihitajiki.

Marekani: umri wa mtoto ndio ufunguo

Wakati watu wa mjini wakihangaika naye, wafugaji wa Marekani walianza kumtafuta kwa sababu nyingine. Februari 1972 Rais Richard Nixon alizuia matumizi ya sumu za kuulia wanyama wawindaji katika ardhi ya serikali kuu. Wafugaji wa kondoo waliokuwa wakitegemea sumu dhidi ya koyoti, mnyama wa jamii ya mbweha na mbwa mwitu, walihitaji njia nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ray na Lorna Coppinger wa Chuo cha Hampshire, katika jimbo la Massachusetts, walileta watoto wa mbwa walinzi kutoka Uturuki, Italia na Yugoslavia ya wakati huo. Wakawazalisha na kuwagawa kwa wafugaji. Kwa miaka iliyofuata walifuatilia zaidi ya mbwa 1,000 katika mashamba ya majimbo mengi.

Walihitimisha kwamba mbwa mlinzi mzuri ana mambo matatu: ni mwaminifu, hamdhuru anayemlinda, ni mwangalizi, hakai mbali na kundi lake, na ni mlinzi, anamkabili anayeingilia. Na mambo hayo hayaji kwa damu peke yake. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 tangu kuzaliwa, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kupokea wenzake ni akina nani. Akikaa na kondoo katika kipindi hicho, kondoo wanakuwa ndugu zake. Akikaa na watu, watu ndio ndugu. Kipindi kikishapita, kumbadilisha ni kazi ngumu sana.

Kuna ushahidi mwingine wa huko Marekani. Wafugaji wa kabila la Navajo, katika majimbo ya Arizona na New Mexico, walikuwa wakilinda kondoo na mbuzi wao kwa mbwa wa kawaida waliochanganyika, wasio na ukoo wowote wa kujivunia. Watafiti walipowatembelea walikuta mbwa hao wanafanya kazi nzuri. Siri ilikuwa moja: mtoto wa mbwa aliwekwa zizini na mifugo akiwa mdogo, akakulia humo. Sisi tuna methali ya jambo hilo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Afrika: kutoka Namibia hadi Ruaha

Mbwa huyu ameshafika pia kwenye mazingira yanayofanana na yetu. Namibia ina duma wengi kuliko nchi nyingi, na wengi wao huishi kwenye mashamba ya watu, nje ya hifadhi. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa huko waliwaua au kuwakamata duma kwa maelfu, wakilinda ndama, kondoo na mbuzi wao. Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Laurie Marker, lilianza kugawa watoto wa mbwa wa Anatolia kwa wafugaji, wakubwa na wadogo. Mtoto wa mbwa aliingizwa zizini akiwa na umri wa wiki nane hadi kumi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa asilimia 73 ya wafugaji waliojibu walisema hasara ya mifugo ilipungua sana tangu wapate mbwa. Lakini matatizo nayo yaliandikwa. Baadhi ya mbwa walifukuza wanyamapori. Wengine waliacha mbuzi malishoni wakarudi kukaa nyumbani na watu. Tatizo hilo la pili lina maana kwako unayetaka mbwa wa kila kitu. Mbwa anayebembelezwa na familia nzima, akipewa chakula jikoni, hana sababu ya kwenda kushinda juani na mbuzi.

Jirani yao Botswana walikwenda hatua nyingine. Shirika la huko la uhifadhi wa duma liliamua kutumia mbwa wa kienyeji, wanaoitwa mbwa wa Tswana, badala ya wa kutoka nje. Ni wadogo zaidi, wanakula kidogo, wanavumilia joto na magonjwa ya huko. Wakilelewa zizini, wanalinda vizuri.

Hapa Tanzania mbwa wa Anatolia waliwahi kuletwa kwa majaribio kwa wafugaji wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kupitia mradi wa uhifadhi wa wanyama walao nyama. Kwa hiyo si mnyama wa kwenye video tu. Lakini angalia: wale waliletwa kwa kazi ya mifugo, chini ya uangalizi wa wataalamu, wakiwa na chanjo na tiba. Si sawa na kununua mtoto wa mbwa mjini na kumfunga nyuma ya duka.

Nchi mbili, sheria mbili

Mwaka 2010 Denmark ilipiga marufuku kufuga na kuzalisha aina 13 za mbwa, ikiwaona ni hatari. Kangal yumo. Mwaka 2021 Uturuki nayo ilitoa orodha yake ya mbwa wasioruhusiwa. Kangal hayumo, kwao ni fahari ya taifa.

Mbwa ni yuleyule. Kinachotofautiana ni mahali alipo na kazi aliyonayo. Kwenye malisho ya Sivas, mbwa anayemzuia mtu asiyemjua asisogelee kundi anasifiwa. Kwenye mtaa wa Copenhagen, mbwa huyohuyo akifanya kitendo hichohicho anapelekwa kuuawa. Kabla hujamlaumu mbwa au kumsifu, jiulize: boma langu linafanana na lipi kati ya hayo mawili?

Nyumbani kwako atakuwaje?

Sasa tuyalete haya kwenye boma lako. Ukimleta Kangal, au mbwa yeyote mkubwa wa ulinzi, kuwa sehemu ya familia, tarajia haya:

*Kwa watoto wako.* Kwa kawaida ni mvumilivu, hasa akikulia nao. Lakini ni mzito. Anaweza kumwangusha mtoto wa miaka mitatu bila nia mbaya. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa wa ukubwa huu, na asimsogelee anapokula.

*Kwa watoto wa jirani.* Hapa ndipo penye hatari kubwa. Watoto wakicheza hupiga kelele, husukumana na kuangushana. Mbwa anaweza kuona mtoto "wake" anaonewa, akaamua kuingilia. Hasubiri umwambie.

*Kwa wageni na wateja.* Mgeni akija mchana na wewe ukampokea, mbwa akilelewa vizuri hutulia. Mgeni huyohuyo akija saa nne usiku kwa njia ya nyuma, kwa mbwa ni mtu mwingine. Mfanyabiashara ambaye wateja wake hugonga dirisha usiku kununua sukari na mafuta ya taa alifikirie sana hili.

*Kwa utii.* Atajifunza, ila polepole, na hatafanya kila unachosema. Ukimpiga ili atii utamfundisha kukuogopa au kukupinga, na mnyama mwenye uzito kama wako si wa kupingana naye.

*Kwa umri.* Anachelewa kukomaa. Akiwa na miezi minane anaonekana mkubwa na mpole kwa kila mtu, na watu hudanganyika hapo. Tabia ya ulinzi hukamilika baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mbwa aliyekuwa rafiki wa kijiji kizima anaanza kuchagua.

*Kwa chakula.* Mbwa wa kilo 50 huhitaji takribani mara mbili na nusu ya chakula cha mbwa wa kilo 15. Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji dagaa, mifupa yenye nyama, damu iliyopikwa au mabaki ya machinjioni yaliyochemshwa. Piga hesabu ya mwaka mzima, si ya wiki moja.

*Kwa afya.* Mbwa wa kutoka nje hudhurika haraka na magonjwa yanayoletwa na kupe, na penye mbung'o mbwa hupata ndorobo, ugonjwa unaoweza kumuua. Joto nalo humchosha.

Ukiamua kumchukua

Kwanza, amua kazi moja. Kama ni wa mifugo, alale na mifugo tangu wiki ya nane, ale huko, na watoto wasimchukue kuja kucheza sebuleni. Mshike mara kwa mara ili akubali kuguswa na kutibiwa, lakini ndugu zake wawe mbuzi. Kama ni wa familia, alelewe na familia, na usitarajie aende malishoni.

Pili, mwone mama yake kabla ya kununua, na baba pia ikiwezekana. Mama anayerusha meno kwa kila mtu, au anayejificha kwa woga, ataacha alama kwa watoto. Usikubali kuuziwa jina. Rangi ya mchanga na uso mweusi havitoshi kumfanya mbwa awe Kangal. Wala usinunue kwa namba za nguvu ya taya zinazotajwa kwenye video. Hazikusaidii chochote kujua kama atamlinda mwanao.

Tatu, kati ya wiki ya nane na ya kumi na sita mzoeshe kwa utulivu mambo atakayoishi nayo: kuku, mbuzi, pikipiki, wazee wenye fimbo, akina mama waliobeba mizigo kichwani, watoto wa shule. Mkutanishe na mambo hayo ndani ya boma lako, na umtenge na mbwa wasiojulikana mpaka chanjo zikamilike.

Nne, jenga uzio kabla hajafika. Mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa hana kundi, hana eneo na hana kazi. Anachobaki nacho ni hasira. Wengi wanaosema "mbwa wangu ni mkali sana, mzuri" wanamzungumzia mbwa aliyeharibiwa na mnyororo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakutaka usimtese mnyama.

Tano, usimruhusu azae ovyo. Mwone mtaalamu wa mifugo kuhusu kuhasi.

Usimdharau mbwa wa kienyeji

Ukirudi kwenye historia hii utaona kwamba Wanavajo na Wabotswana walifika palepale kwa mbwa wa kawaida. Kama shida yako ni fisi kuchukua mbuzi wawili kwa mwezi, au vibaka kupita nyuma ya ghala, chukua watoto wawili wa mbwa wa kienyeji, wenye mama mtulivu na mwenye afya. Waweke zizini wakiwa na wiki nane, uwalishe vizuri, uwachanje, na uwarudishe zizini kila wanapokimbilia jikoni. Utatumia sehemu ndogo ya bei ya mtoto mmoja wa Kangal. Wakizuia fisi kwa miezi miwili tu, mbuzi wanne watakuwa wamebaki zizini.

Mbwa wetu wa kijijini wengi hawana sifa kwa sababu hatuwalei. Wanazaliwa chini ya ghala, wanaokota jalalani, wanapigwa mawe, halafu tunashangaa hawalindi.

La mwisho ni chanjo

Iwe Kangal au mbwa wa kienyeji, mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na utunze kadi yake. Duniani watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo. Usipake majani, usisubiri kuona mbwa atafanyaje. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huendesha kampeni za chanjo karibu na siku hiyo. Ulizia kwa ofisa mtendaji wa kijiji chako au kwa afisa mifugo wa kata. Na kama umeshapata mtoto wa mbwa na hujui uanzie wapi, mlete tumwone akiwa bado mdogo, kabla wiki zake kumi na nne hazijapita.